Shajara ya mradi: bajeti ya wiki kwa wiki, nyumba ya watu watano, Mbagala

Hali ilivyo mwanzoni: baba amepunguzwa kazini baada ya miaka 4. Mama anauza maandazi na chai asubuhi, siku 6 kwa wiki. Watoto wawili, mmoja kidato cha pili na mmoja darasa la nne, wote shule za serikali. Bibi anatumia dawa za presha. Vyumba viwili vya kupanga, kodi Sh 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo. Kodi nyingine inadaiwa mwisho wa wiki ya 13.

Bei zote humu ni za duka na soko la jirani. Anayetaka kufuata hesabu hii aweke bei za kwake. Vipimo na mpangilio ndiyo vya kuchukua.

Wiki ya 1: kuandika, bila kubana chochote

Kaunta buku moja, safu nne: siku, kitu, kipimo, pesa. Safu ya kipimo ndiyo watu huiacha, na ndiyo yenye kazi. "Mafuta 500" haikwambii kitu mpaka ujue ni mililita ngapi. Kwa hiyo kila kipimo cha mafuta cha Sh 500 kilimiminwa kwenye chupa tupu ya maji ya nusu lita. Vipimo saba havikuijaza. Maana yake nyumba inanunua lita moja kwa Sh 7,000 na ushee, wakati dumu la lita 5 dukani ni Sh 27,000, yaani Sh 5,400 kwa lita.

Wiki hii usimkataze mtu kununua kitu. Ukianza kubana siku ya kwanza, daftari litaonyesha wiki ya maonyesho, na bajeti utakayoijenga juu yake itabomoka wiki ya tatu.

Matokeo: chakula na mkaa 72,400, LUKU (umeme wa kulipia kabla) 6,000, maji 4,000, nauli 9,000, vocha na makato ya simu 6,300, sabuni 3,600, dawa 4,000, riba ya mkopo 15,000, kikoba 10,000, michango ya sherehe na msiba 10,000. Jumla Sh 140,300, na kodi haijaguswa hata senti.

Kwenye mapato, ya baba yaliandikwa kwa wiki mbovu kuliko zote za mwezi uliopita, si kwa wastani: Sh 35,000 za vibarua, nauli na boda zikishatolewa. Wastani unadanganya kwa sababu wiki nzuri haiji kuisaidia wiki mbaya, huliwa ilikopatikana. Mama, Sh 10,000 kwa siku, 60,000 kwa wiki. Jumla 95,000. Pengo ni 45,300: Sh 8,000 zimeandikwa deni kwa Mangi, mwenye duka, na 37,300 zimechotwa kwenye malipo ya mwisho ya kazi.

Malipo ya mwisho ya kazi

Yanastahili aya yake kwa sababu ndiyo mtaji pekee wa mradi huu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi aliyemaliza angalau miezi 12 mfululizo kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliokamilisha, mwisho miaka 10. Mshahara wa msingi ulikuwa Sh 500,000 kwa wiki ya siku 6: gawanya kwa 4.333, kisha kwa 6, unapata kama Sh 19,230 kwa siku. Siku 28 ni takribani Sh 538,000. Mshahara wa notisi ya siku 28 ulikuwa umeshalipwa na umeshaliwa. Anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 za kufika CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), na siku hizo huisha upesi mtu akiwa bado anazunguka kutafuta kibarua.

Fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, limeombwa, lakini halimo kwenye bajeti. Pesa ambayo haijaingia haiandikwi.

Wiki ya 2: madeni, kisha gunia

Salio Sh 500,700. La kwanza ni mkopo wa kausha damu: Sh 200,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Nyumba imekuwa ikilipa Sh 60,000 kila mwezi, yaani riba tupu, na mkopo wenyewe umekaa palepale. Umelipwa wote, 260,000 pamoja na riba ya mwezi. Kabla ya kutoa pesa mambo matatu yalikamilishwa: kiasi cha kufunga mkopo kimeandikwa kwenye karatasi na kusainiwa, kitambulisho na kadi ya benki vilivyoshikwa viko mezani, na malipo yamefanyika kwa njia inayoacha ujumbe. Ukilipa taslimu bila karatasi, mwezi ujao utaambiwa imebaki "faini". Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni, na kuiomba tu uione kunatosha kulainisha mazungumzo.

Deni la kwa Mangi, Sh 48,000, limelipwa lote. Halina riba, lakini duka likifunga daftari lake, wiki mbaya haina pa kukimbilia. Kikoba: usisubiri kushindwa. Mwanachama aliyefika kwa kamati mapema na kuomba kushusha hisa kutoka 5 hadi 1 kwa wiki husikilizwa. Aliyekosa vikao viwili hupigwa faini kwanza. Hisa ni Sh 2,000, kwa hiyo Sh 8,000 zimerudi nyumbani kila wiki. Kujitoa katikati ya mzunguko hakukufikiriwa, maana kwa kawaida gawio hupotea.

Halafu manunuzi ya jumla: gunia la mkaa 65,000, kiroba cha sembe cha kilo 25 kwa 33,000, dumu la mafuta 27,000. Mkaa ulipimwa wote kwa kopo la rangi la lita 4: makopo 55, kopo moja kama Sh 1,180 badala ya Sh 1,500 ya gengeni. Sembe Sh 1,320 kwa kilo badala ya 1,600. Sukari ya kilo badala ya robo inaokoa Sh 400 kwa kilo. Kwa wiki nzima, kuachana na kununua kwa vipimo vidogo kunarudisha Sh 5,560.

Na hapa ndipo bajeti nyingi za wakati mgumu hufia. Mtu akipata pesa ya mkupuo hununua gunia, mwezi unapita kwa raha kwa sababu hakuna anayetoa 1,500 ya mkaa asubuhi, na ile 1,500 inapotelea kwenye vitu vingine. Gunia likiisha hakuna cha kununulia jingine, na nyumba inarudi kwenye kopo. Gunia ni mtaji, si akiba. Kila wiki, mkaa ukiwa bado umejaa gunia, Sh 8,300 zinaingia kwenye bahasha iliyoandikwa "gunia lijalo". Sembe 9,240. Mafuta 2,700. Unanunua kwa nyumba yako mwenyewe kila Jumamosi, kwa bei ya jumla, ukitumia daftari lilelile.

Baada ya yote hayo zimebaki Sh 67,700. Zimeingia kopo la dharura.

Wiki ya 3: mama mwenye nyumba

Miezi 6 ni Sh 480,000. Kuanzia wiki ya 2 hadi ya 13 ni wiki 12, kwa hiyo Sh 40,000 kila wiki katika mapato ya 95,000. Haiwezekani, na kuomba kodi ipunguzwe ni kuomba kinachokataliwa haraka. Kinachoombeka ni muda: miezi 3 badala ya 6. Kodi ni ileile, mwenye nyumba hapotezi kitu. Ujumbe ulitumwa kwanza ili asishtukizwe, kisha mama akaenda mwenyewe:

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu. Baba watoto amepunguzwa kazini, lakini kodi yako tunaiandaa. Tunaomba safari hii tulipe miezi mitatu, 240,000, kwa tarehe yetu ileile. Ukiridhia nitakuja tuandikishane kwenye daftari la kodi."

Ujumbe una kiasi, una tarehe, na haumwambii "tuvumilie kidogo". Amekubali, na imeandikwa.

Sasa ni Sh 18,500 kwa wiki (80,000 mara 12, gawanya kwa 52). Anayegawa kodi ya mwezi kwa wiki nne anapata 20,000 na kujibana bure. Kwa chakula kosa hilo huenda upande wa pili: anayedhani mwezi una wiki nne hubaki na siku mbili tatu zisizo na pesa ya kula.

Pesa ya kodi haikai kwenye laini yenye mkopo wa simu. Ukiwa na salio la mkopo huo, chochote kinachoingia hukatwa hapohapo. Kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari, kikae chumbani kwa bibi.

Wiki ya 4: mtaji wa maandazi

Hesabu ya siku moja: ngano kilo 5, 8,500, sukari ya unga 2,100, mafuta yanayonyonywa 5,600, hamira na hiliki 700, mkaa makopo mawili 2,400, sukari ya chai 2,800, majani na tangawizi 600, maji 300. Jumla Sh 23,000. Maandazi 140 kwa Sh 200 na vikombe 25 vya chai kwa Sh 300 ni 35,500. Maandazi 12 hivi hubaki, toa 2,400. Faida Sh 10,100.

Utaratibu: mama akirudi, kabla ya kununua hata kitunguu, Sh 23,000 zinarudi kwenye kopo la mtaji. Kilichobaki ndicho cha nyumba. Anayefanya kinyume, akatoa matumizi kwanza na kuacha mtaji uwe kinachobaki, kesho hukanda kilo 4, keshokutwa 3, akidhani soko limepoa.

Maandazi 12 yanayobaki ndiyo kifungua kinywa cha watu watano, na ndiyo maana kwenye bajeti ya chakula hamna mkate. Lakini hakuna kuchukua kwenye beseni kabla biashara haijafungwa. Maandazi 10 yanayochotwa asubuhi, wateja wakiwa bado wanakuja, ni Sh 2,000 kwa siku, 12,000 kwa wiki, zaidi ya bili ya mkaa.

Wiki ya 5: jikoni

Zaidi ya kuacha kununua kwa vipimo vidogo, Sh 12,200 za chakula zimetoka kwenye nyama ya nusu kilo (5,000), chipsi na soda (4,000) na vitafunwa vya njiani (3,200). Dagaa nusu kilo kwa 4,500 wamechukua nafasi ya nyama.

Maharage ndiyo mlaji mkubwa wa mkaa. Yalowekwe tangu jana yake, maji ya kulowekea yamwagwe, sufuria ifunikwe. Chemsha kilo nzima kwa moto mmoja, bila chumvi, bila kitunguu, bila tui. Yatakayoliwa leo yatolewe na kuungwa kwenye sufuria nyingine. Yaliyobaki hayana nazi, kwa hiyo hayachachi haraka, lakini kwa joto la Dar na bila friji yatokoswe tena usiku na asubuhi, yaishe siku hiyo ya pili. Ukiyaunga yote kwa nazi siku ya kwanza, kesho mchana povu limeshapanda, na umetupa maharage, nazi na mkaa kwa pamoja.

Mkaa unaobaki jikoni baada ya kupika utolewe kwa koleo, uwekwe kwenye debe lenye mfuniko wa bati, uzimike kwa kukosa hewa. Ukimwagia maji hautawaka vizuri kesho. Jiko lenye makaa lisiingizwe chumbani kulala nalo hata mvua inyeshe. Hewa yake haina harufu na inaua.

Wiki ya 6: gunia linaisha mapema

Kwa makopo 7 kwa wiki, gunia la makopo 55 lilitakiwa kufika wiki ya 9. Limebaki robo. Kopo lilikuwa linajazwa kwa kilele badala ya kufutwa kwa kijiti, hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba biashara, siku zisizo na muuza mkaa alfajiri, ilikuwa ikikopa kwenye gunia la nyumba. Imekadiriwa makopo 20. Kwa Sh 1,200 kila kopo, kopo la mtaji linadaiwa 24,000, na litalipa 4,000 kwa wiki hadi wiki ya 12. Kuanzia sasa biashara ina kiroba chake, kimefungwa kamba nyekundu. Chenga za chini ya gunia zimechujwa kwa ajili ya kuwashia.

Wiki ya 7: LUKU

Wapangaji wanne, mita moja. Kwa bei za wakati wa mradi huu, TANESCO ilikuwa ikitoza nyumba isiyozidi uniti 75 kwa mwezi bei nafuu, Sh 100 kwa uniti. Bei ya kawaida ilikuwa Sh 292. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti (EWURA) asilimia 1, zilikuwa Sh 122 na Sh 356. Nyumba hii peke yake haifiki uniti 75 hata iwashe vipi, ila kwa mita ya pamoja wote wanalipa 356. Mita ndogo ya ndani inagawa matumizi tu, bei haibadiliki.

Hesabu ya vyumba hivi viwili: taa nne za wati 9 saa 5, runinga ya wati 60 saa 4, pasi nusu saa mara mbili kwa wiki. Ni uniti 4 hadi 5 kwa wiki, kama Sh 1,600. Walikuwa wanachangia 4,500 sawa na jirani mwenye friji. Kikao cha uani kimekubaliana mwenye friji alipe zaidi, na nyumba hii imebaki na 2,500.

Ile 1,500 ya ziada ya wiki ya 1 ilikuwa kodi ya jengo, ambayo hukatwa kwenye tokeni ya kwanza ya mwezi. Ni mzigo wa mwenye nyumba. Ujumbe wa tokeni umehifadhiwa ili ikatwe kwenye kodi ya pango.

Wiki ya 8: bajeti inayosimama

Sembe 9,240, mchele kilo 3, 7,200, maharage kilo 2, 5,600, dagaa 4,500, mboga, nyanya na vitunguu 10,500, mafuta 2,700, sukari 4,200, nazi mbili 2,400, mkaa 8,300.
Kodi 18,500; LUKU 2,500; maji 3,500; nauli ya mwanafunzi wa sekondari, Sh 200 kwenda na 200 kurudi, 2,000; sabuni 3,000; dawa za bibi 4,000; kikoba 2,000; vocha 1,000.
Jumla 91,140. Inabaki 3,860 kwa dharura.

Dawa za presha hazikatwi wala hazirukwi siku. Kinachoweza kupunguzwa ni gharama: wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wana msamaha wa matibabu katika vituo vya serikali, na safari ya kuupata inaanzia serikali ya mtaa. Dawa isipokuwepo dirishani bado itanunuliwa nje, kwa hiyo 4,000 inabaki bajetini. Makato ya simu yamepungua kwa kutoa pesa mara moja kwa wiki na kulipa dukani kwa lipa namba.

Michango: msiba unachangiwa kwa mikono, kuchota maji na kupika. Kadi za harusi zinarudishwa kwa heshima mapema, kabla jina halijaandikwa kwenye orodha ya ahadi.

Kipato cha baba kikizidi 35,000, nusu ya ziada ni ya dharura na nusu ni ya sare na madaftari ya Januari. Ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini viatu havikuondolewa.

Wiki ya 13: kodi imelipwa

Wiki mbili baba alileta 15,000 tu, dharura ikaziba 40,000. Mtoto mdogo aliugua, 14,000. Wiki mbili nzuri zilizidi kwa 18,000 na 25,000, zikagawanywa.

Kibubu kilifunguliwa na 222,000. Kodi 240,000, toa 1,500 ya jengo, ni 238,500. Dharura imetoa 16,500. Imeandikwa kwenye daftari la kodi na mama mwenye nyumba amesaini.

Kopo la dharura: 65,020. Kopo la Januari: 21,500. Mtaji wa maandazi: 23,000 kamili, deni la mkaa limeisha. Gunia la pili liko nusu, na bahasha ya gunia la tatu inajazwa.

Yanayofuata: kufuatilia NSSF, barua ya bibi serikali ya mtaa, na kupima upya bei ya kiroba, maana wiki hii sembe imepanda na 9,240 haitatosha.